Kobalti Mkononi mwa Fundi wa Panda

Panda, mojawapo ya komuni nne za jiji la Likasi, haijawahi kuwa mahali pa watu wasiojua mashine. Hapa ndipo zilipo karakana kuu za kampuni ya madini ya Gécamines, Ateliers Centraux de Panda, ambako kwa vizazi vipuri vya migodi ya Katanga vimesubuliwa, vimechongwa na kukerezwa. Babu alikuwa mkerezaji. Baba akachomelea milango na madirisha ya watu baada ya mishahara ya kampuni kukatika. Mjukuu leo anapaua nyumba kwa mabati, anafunga makabati, anatoboa kuta za matofali ya kuchoma ili kupitisha nyaya za umeme. Kwa hiyo siandiki haya kuwafundisha watu wa Panda namna ya kushika drili. Naandika kwa sababu ya kitu kilichofungwa chini ya mshikio wa drili hiyo, kile kipande cha plastiki kizito ambacho mjukuu hukichomoa jioni akatafuta pa kukichaji. Nadhani tumekitazama kidogo mno, na sisi ndio tuliopaswa kukitazama kuliko watu wengine wote.

Mafundi wakibishana juu ya mashine za betri, hubishana kwa rangi na kwa majina ya kampuni. Huyu ni wa Makita, yule ni wa DeWalt, mwingine amenunua ya Kichina isiyo na jina na anaapa kwamba haijamwangusha. Ubishi huo una raha yake, lakini unapita pembeni ya jambo. Mashine mbili za kampuni mbili, zikiwa na mota inayofanana na betri inayofanana, zitatoboa mbao ileile kwa muda unaokaribiana. Mashine moja ikivishwa betri mbili tofauti inaweza kuwa simba asubuhi na paka mchana. Ukitaka kulinganisha, anza na kazi, kisha uende kwenye betri. Jina liache mwisho.

Kwanza kazi. Drili ya betri na ile mashine fupi ya kukazia skrubu ambayo mafundi huiita impakti zinachanganywa sana, labda kwa sababu huuzwa pamoja kwenye begi moja. Drili huzungusha tu. Ina taya tatu mbele zinazobana biti yoyote ya mviringo, mara nyingi hadi milimita 13, ina klachi ya kuachia skrubu isizame kupita kiasi, na ina mwendo wa polepole na wa kasi. Nguvu yake inakwenda moja kwa moja, na nguvu hiyohiyo inarudi kwenye kiwiko cha anayeishika. Biti ikinasa ghafla kwenye chuma, mashine ndiyo inayozunguka, na mkono unazunguka nayo. Kila aliyetoboa chuma cha pembe akiwa juu ya ngazi anajua maumivu ya kifundo ninayoyasema.

Impakti imejengwa kwa wazo jingine. Ndani yake kuna nyundo ndogo ya chuma, springi nene, gololi mbili zinazotembea kwenye mifereji ya mshazari, na fuawe. Skrubu ikiwa laini, vyote vinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Skrubu ikianza kugoma, nyundo inarudi nyuma ikiibana springi, inaruka meno ya fuawe, kisha springi inaitupa mbele ipige. Hufanya hivyo mara 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Kwa kuwa kila pigo ni fupi mno, kifundo cha mkono hakipati muda wa kupindishwa. Ndiyo maana impakti ndogo inayotoa Newton-mita 170 inashikika kwa mkono mmoja, wakati drili ya Newton-mita 60 inataka miguu iliyosimama imara. Gharama yake ni kelele. Masikio yanaumia, na kijana anayepiga mabati ya paa kutwa nzima bila kitu masikioni atakuja kuulizia maneno mara mbilimbili angali bado kijana. Hili lisemwe na kila bwana wa kazi kwa wanagenzi wake.

Kwa mpiga paa na mfunga makabati, impakti ndiyo mashine ya kwanza kununua, drili itafuata. Kwa mchomeleaji wa vizuizi vya madirisha, anayetoboa chuma na kuta, drili ndiyo ya kwanza, tena ile yenye mpigo wa nyundo wa kutobolea tofali, maana mapigo ya impakti yanazungusha tu, hayasukumi mbele, wala hayawezi kuvunja ukuta. Mwenye fedha za mashine moja asikubali kuambiwa kwamba impakti inafanya yote. Haifanyi yote.

Sasa betri, na hapa ndipo Panda inapoingia yenyewe.

Historia fupi inatosha. Drili ya betri haikuzaliwa na safari za mwezini, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Black & Decker waliuza drili isiyo na waya mwaka 1961, ikitumia seli za nikeli na kadimiamu. Mwezini walikuja baadaye: mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 walitoboa udongo wa mwezi kwa mashine ya betri iliyozungusha na kupiga kwa pamoja, na betri ile ilikuwa ya fedha na zinki. Makita walitoa drili yao maarufu ya volti 7.2 mwaka 1978, nayo ilitumia nikeli na kadimiamu. Kwa miongo mingi hizo ndizo zilizokuwa betri za fundi: nzito, zenye volti 1.2 tu kwa kila seli, kiasi kwamba volti 18 zilihitaji seli 15. Ziliishiwa nguvu zikikaa rafuni hata bila kutumika. Lakini zilivumilia. Ziliangushwa, zikaachwa tupu kwa miezi, zikachajiwa kwenye joto, na bado zikafanya kazi. Wazee wa karakana waliozizoea hawakuwa wajinga kuzipenda.

Kilichoziondoa ni kadimiamu yenyewe. Huko Japani, kwenye bonde la mto Jinzu, watu waliokula mpunga ulionyweshwa maji yenye kadimiamu ya migodini walivunjika mifupa kwa kugeuka tu kitandani. Umoja wa Ulaya ulikomesha uuzaji wa betri hizo kwa mashine za mkono mwishoni mwa 2016. Zile zilizobaki bado zinazunguka kwetu ndani ya mashine za mitumba. Anayezipasua kwa nyundo uani ili auze nikeli anajiwekea sumu kwenye figo, na anawawekea watoto wanaocheza hapo. Betri za nikeli na haidraidi, zilizokuja kati ya hizo na lithiamu, zilibeba nguvu zaidi bila kadimiamu, zikachukia joto na zikajimwaga zenyewe haraka kuliko zote. Ukikuta moja, itumie hadi ife, usinunue nyingine.

Kisha ikaja lithiamu. Sony waliuza betri ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1991, kwa msingi wa kazi ya John Goodenough na wenzake huko Oxford mwaka 1980, waliogundua kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kupokea na kuachia lithiamu mara nyingi bila kubomoka. Kobalti katika oksidi hiyo ni asilimia 60 ya uzito. Nobel ya Kemia ya 2019 walipewa Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Mashine za mkono zilichelewa hadi karibu 2005, kwa sababu simu hunywa umeme kwa kijiko na drili hunywa kwa ndoo, na seli za mwanzo hazikuweza kumwaga kwa kasi hiyo bila kuungua.

Seli za drili za leo hazina kobalti nyingi kama zile za mwanzo. Nyingi huchanganya nikeli, manganisi na kobalti, au nikeli, kobalti na alumini, na kobalti imepunguzwa hadi kubaki gramu chache tu kwa kila seli. Lakini zidisha gramu hizo kwa seli kumi za betri moja, na betri hizo kwa kila eneo la ujenzi duniani. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na ardhi hiyo ni ukanda huu wetu, kutoka Lubumbashi kupitia Likasi, Kambove na Fungurume hadi Kolwezi.

Panda haikuanza kuijua kobalti enzi ya simu. Wakati wa kampuni ya kikoloni ya Union Minière palikuwa na tanuri za umeme hapa zilizoyeyusha mawe ya kobalti kuwa aloi, ikapelekwa Ubelgiji kusafishwa. Umeme wa viwanda vya Likasi ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira, Mwadingusha, ambako mitambo iliwashwa mwaka 1930. Kobalti ile ilikwenda kutengeneza sumaku, na vyuma vya kukatia vyuma. Hili la vyuma lingali nasi. Chukua biti ya drili iliyoandikwa HSS-Co: ni chuma chenye kobalti, kwa kawaida asilimia 5, na ndiyo inayotoboa chuma kigumu bila kupoteza makali ikipata moto. Chukua biti ya ukutani: kile kipande cha kijivu mbele ni kabidi ya tangsteni, punje ngumu zilizogandishwa pamoja kwa kobalti. Fungua mota: waya wa shaba. Fungua seli ya lithiamu: upande mmoja kuna utepe mwembamba wa alumini uliopakwa unga wenye kobalti, upande wa pili utepe wa shaba, mwembamba kuliko unywele. Fundi wa Panda anayetoboa ukuta ameshika ardhi ya Katanga ncha kwa ncha, nayo imemrudia kutoka Guangzhou au Nagoya kwa bei ya dukani.

Kuna aina ya lithiamu isiyo na kobalti kabisa, na haki inataka niiseme hapahapa Panda. Ni ile ya fosfeti ya chuma. Seli yake ina volti 3.2 badala ya 3.6, inabeba nguvu kidogo kwa kilo, lakini inavumilia joto, haishiki moto kwa urahisi, na huchajiwa mara elfu mbili na zaidi ambapo ile ya kobalti huanza kuchoka baada ya mia kadhaa. DeWalt waliwahi kuitumia kwenye mashine zao za volti 36, kwa seli za kampuni ya A123, takriban miaka ishirini iliyopita. Kwenye drili haikushinda, kwa sababu fundi hupima uzito kwa bega lake. Kwenye betri za sola za nyumbani inashinda kila mahali, na kwenye magari inazidi kusonga mbele. Wapo kwetu wanaoliona hilo kuwa tishio. Mimi naliona kuwa onyo: dunia inaitaka kobalti yetu maadamu haijapata njia nyingine, na njia nyingine zinatafutwa kila siku. Muda wa kujifunza kitu kutokana nayo hautatusubiri milele.

Turudi mkononi. Namba zilizobandikwa kwenye betri zinapotosha watu bila sababu. Betri iliyoandikwa volti 18 na iliyoandikwa volti 20 ni kitu kilekile: seli tano mfululizo. Ukizihesabu kwa volti 3.6 za kawaida unapata 18. Ukizihesabu kwa volti 4 za seli iliyotoka kwenye chaja unapata 20. DeWalt wanaiuza Marekani kwa jina la 20 na Ulaya kwa jina la 18. Asiyejua hilo hulipia volti mbili ambazo hazipo.

Namba inayofaa kutazamwa ni ya ampea-saa, na hata hiyo huficha jambo kubwa zaidi, yaani idadi ya seli. Betri ya ampea-saa 2 huwa na seli tano. Ya ampea-saa 5 huwa na seli kumi, mbilimbili. Si kwamba hii ya pili inadumu zaidi tu. Inasukuma kwa nguvu zaidi, kwa sababu mzigo unagawanywa kwa seli mbili na kila moja inapata joto kidogo. Drili inayotoboa chuma hudai umeme mwingi bila kupumzika, na betri ndogo hunyongwa: volti zinashuka, mota inapungua, fundi anasukuma zaidi, biti inaungua. Impakti hudai kwa milipuko mifupi na inaweza kuridhika na betri ndogo. Kwa hiyo mwenye betri mbili, kubwa na ndogo, aipe drili ile kubwa. Nimeona watu wanafanya kinyume kwa sababu impakti inaonekana kali zaidi.

Halafu kuna betri za kuiga. Seli ya kawaida ya duara, ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, haiwezi kubeba ampea-saa 9 hata ikiandikwa hivyo kwa herufi za dhahabu. Nyingi zilizo bora sokoni hubeba kama 3.5. Mizani ndogo ya dukani inatosha kukuambia ukweli. Seli halali ya ukubwa huo ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Betri ya ampea-saa 5 ambayo ni nyepesi kama ile ya 2 imejazwa seli tano na hewa. Mnunuzi wa Likasi, ambaye mji wake umepima madini kwa mizani kwa zaidi ya miaka mia, asione haya kuomba mizani anaponunua betri.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Betri nyingi za lithiamu zinazokufa Panda hazifi kwa kazi. Zinafia rafuni. Kijana anamaliza kazi ya nyumba moja, betri imekwisha, umeme wa shirika la SNEL haupo, anaiweka tupu kwenye begi. Kazi nyingine inapatikana baada ya miezi miwili. Anaichomeka kwenye chaja, taa nyekundu inapepesa, imekataa. Anampelekea mzee wa jirani.

"Papa, sikuitumia hata. Ilikaa tu."

"Ilikaa namna gani? Imejaa ama tupu?"

Swali la mzee ndilo swali lenyewe. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 2.5 iko hatarini, na ikiachwa ikashuka karibu na sifuri, ule utepe wa shaba ulio ndani huanza kuyeyuka. Shaba inaingia kwenye kimiminika. Ukilazimisha kuichaji, shaba hiyo inaganda tena, lakini mahali pasipo pake, kwa vijiti vidogo vinavyoweza kutoboa utando unaotenganisha pande mbili. Hapo seli inajichoma yenyewe. Chaja inayokataa kuichaji haijaharibika; inakulinda.

Sasa nani duniani anapaswa kuielewa habari hiyo upesi kuliko mtu wa Likasi? Huko Shituru, upande wa pili wa jiji, tangu 1929 shaba imekuwa ikiyeyushwa kwenye asidi na kugandishwa kwa umeme juu ya mabamba. Maelfu ya wanaume wa mji huu walisimama miaka thelathini kando ya matangi hayo. Walijua umeme ukizidi shaba inaota vinundu, walijua bamba likigusa bamba panatokea shoti, walitembea juu ya matangi wakitafuta miguso hiyo na kuiachanisha. Kinachotokea ndani ya betri iliyokufa ni kazi ya Shituru iliyokwenda kombo ndani ya kopo dogo la chuma. Mzee aliyestaafu kutoka kwenye kazi hiyo ya elektrolisi, hata kama hakuwahi kushika drili ya betri, ana nusu ya elimu ya betri kichwani mwake. Nusu ya pili anayo mjukuu mwenye simu na kipima volti. Hawajakaa meza moja.

Si mara ya kwanza elimu kutengana na jiwe: madini ya eneo hili yameshawahi kuondoka bila maelezo. Shinkolobwe, si mbali na Likasi, ilitoa urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima la 1945, na waliolichimba jiwe lile hawakuambiwa linaenda kufanya nini. Kobalti siyo siri ya vita. Kila kitu chake kimeandikwa, kinauzwa, kinafundishwa vyuoni. Hatuna kisingizio.

Kuna mambo ya kujilinda ambayo hayasubiri chuo. Betri ya lithiamu ya kuweka akiba iachwe na nusu ya chaji, pasipo joto. Oktoba chini ya bati lisilo na dari si mahali pake, na ndani ya gari lililofungwa ni pabaya zaidi. Isichajiwe ikiwa ingali moto kutoka kazini. Umeme ukija usiku wa manane na kuondoka alfajiri, ni heri kuchaji nusu kila ukipata nafasi kuliko kusubiri iishe kabisa. Tabia ya kuimaliza kwanza ilifaa nikeli na kadimiamu, kwa lithiamu ni madhara. Chaja ya zamani ya nikeli isiguswe na betri ya lithiamu kamwe, hata kama plagi zinaingiana. Nayo betri iliyovimba au iliyotobolewa ikae nje, mbali na mbao na petroli, wala isitupwe kwenye moto wa takataka.

Kuhusu umeme, nina neno moja. Mitambo ya Mwadingusha ilikarabatiwa upya, kazi ikakamilika mwaka 2021 kwa fedha za mgodi wa Kamoa-Kakula, na ina uwezo wa megawati 78. Ni vizuri. Lakini mtu wa Panda, ambaye viwanda vya mji wake viliendeshwa na maporomoko hayo, bado huhesabu saa za giza, na giza hilo ndilo linaloua betri zake. Betri ya ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90 tu. Paneli ya sola ya wati 100 huijaza kwa saa mbili hivi za jua kali, na kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, kina jua la kutosha. Mafundi watatu wakichangia paneli moja wataziokoa betri zao zote. Na kwa kazi ya karakana, mahali palipo na jenereta, drili ya waya isidharauliwe: haiishiwi, haina sumu, na makaa ya mota yake yanabadilishwa kwa dakika kumi.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda, watoto zaidi. Kobalti imeingia kwenye miili yetu kabla ya kuingia kwenye elimu yetu. Sentensi hiyo imekuwa ngumu kwangu kuiandika, na siiondoi.

Serikali imeanza kusema kwa sauti. Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba 16 ikaweka mgawo, tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Kabla ya hapo, Aprili 2022, Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kutengeneza vifaa vya betri, na kituo cha utafiti wa betri kilianzishwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 2021 wachambuzi wa BloombergNEF walikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza malighafi ya betri, tani 10,000 kwa mwaka, kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, theluthi moja ya gharama yake Marekani. Naunga mkono yote hayo. Lakini kiwanda kinaweza kuchelewa miaka kumi, na mjukuu wa Panda ana begi la betri zilizokufa leo.

Kwenye begi hilo, mara nyingi katika seli kumi ni mbili tu zilizoharibika. Nyingine nane zingali nzima. Kuzifungua kwa usalama, kuzipima moja moja, kuziacha wiki mbili na kuzipima tena, kuziunga kwa vipande vya nikeli kwa mashine ya kuchomelea nukta, siyo kwa chuma cha kulehemu kwa risasi kinachozipika, na kurudisha kibao kinacholinda kila seli: hii ni kazi ya mikono yenye adabu, na Panda ina mikono hiyo. Mashine ya kuchomelea nukta inaweza kutengenezwa na mtu yeyote anayejua transfoma, na Panda watu hao hawajaisha.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule za ufundi za Likasi waiweke betri mezani mwaka huu, bila kusubiri mtaala kutoka Kinshasa. Waanze na seli moja, kipima volti kimoja, ndoo ya mchanga pembeni na miwani ya kulinda macho. Wamwalike mzee mmoja wa elektrolisi ya Shituru aje aseme alichokiona kwenye matangi. Nanyi mnaomiliki karakana, msizitupe betri zilizokufa wala kuziuza kwa kilo. Wapelekeeni walimu hao.